Mwisho Aliopewa Ndila

Jumanne saa tatu asubuhi Ndila Mutinda alikuwa ameketi kwenye benchi la tatu katika ukumbi wa kanisa, mfuko wa ndengu miguuni, akingoja zamu yake ya kucheza gemu. Ndengu zile alitaka zifike soko la Voi kabla jua halijawa kali. Lakini chifu alikuwa ametangaza kwamba kila mwenye shamba upande huu wa chini wa kilima cha Ndara lazima acheze, na asiyecheza asije akauliza baadaye kwa nini fensi imemruka.

Fensi yenyewe ilikuwa ya stima, ya kuzuia ndovu. Watu walikuwa wameiomba kwa miaka kumi na minne. Sasa ilikuwa imepatikana, ila haikutosha kuzunguka mashamba yote, na shirika lililoileta lilitaka iwaendee wale wanaoishi vizuri na wanyama. Shirika hilo lilikuwa na jina refu la Kiingereza ambalo hakuna aliyewahi kulimaliza, kwa hiyo watu waliliita Shirika tu. Ili kujua nani anaishi vizuri na wanyama na nani haishi nao vizuri, Shirika lilikuwa limetengeneza gemu.

Tableti nne zilipangwa juu ya meza ya mbele, kila moja imefungwa kwa kamba ya katani isije ikatembea.

"Gemu inaitwa Jirani Mwema," alieleza Donald, kijana wa Shirika mwenye shati la kijani na adabu nyingi. "Wewe ni mkulima. Unaishi siku saba. Kila siku wanyama wanakuletea jambo, na wewe unachagua la kufanya. Ukimaliza, gemu itakuambia wewe ni jirani wa aina gani. Kuna mwisho wa dhahabu, kuna mwisho wa kawaida, na kuna mwisho wa kijivu. Hakuna jibu la makosa. Chagua tu vile ungefanya nyumbani."

Aliyemtangulia Ndila alikuwa jirani yake, Festus Oundo, aliyestaafu kutoka shamba la katani akiwa na vidole vinane, viwili vikiwa vimebaki kwenye mashine. Festus alicheza kwa kidole gumba, polepole, kama mtu anayepima chumvi. Ghalani kwake alikuwa na nyaya za kutegea dikidiki, na kila mtu kijijini alijua, maana kila mtu alikuwa ameonja. Tableti yake ikapiga wimbo mtamu, ikang'aa manjano, na watu wakampigia makofi.

Alipopita akirudi kwenye benchi alimwinamia Ndila. "Mama Kavinya, ukiulizwa lolote, chagua ile ya kupiga simu. Wanapenda simu sana."

Ndila alishukuru, akaenda mezani.

Siku ya kwanza ya gemu walikuja nyani, na Ndila akawafukuza kwa kelele. Siku ya pili nguruwe mwitu walichimba mihogo, akaziba pengo kwa miiba. Siku ya tatu, ya nne na ya tano alifanya yale ambayo angefanya kwake, na gemu haikusema kitu. Siku ya sita jua lilikuwa linatua kwenye kioo. Ndovu jike alisimama katikati ya mahindi, mtoto wake ubavuni. Hatua kumi kutoka kwao palikuwa na dungu, kile kichanja cha miti anachokalia mtu akilinda shamba. Na kutoka kwenye dungu, kando ya nguzo, mguu mdogo ulikuwa umening'inia, wa mtoto aliyelala.

Chini yaliandikwa mambo matatu. Piga simu kwa maafisa wa wanyamapori, usubiri. Choma matofali ya pilipili, usubiri moshi. Piga debe, urushe kinga cha moto, ukuni unaowaka. Saa ndogo juu ya kioo ilikuwa inahesabu kurudi nyuma kutoka ishirini.

"Donald," Ndila aliita. "Huyu aliyelala hapa ni nani?"

Donald alikuwa kwenye tableti ya nne akimsaidia mzee asiyeona karibu. "Chagua tu, Mama, saa isikuishie."

Ndila alibonyeza kinga cha moto. Kwenye kioo ndovu jike alipiga kelele, akageuka, akakimbia. Mtoto wake alikimbilia upande mwingine, vumbi likamfunika. Siku ya saba haikuwa na swali. Shamba lote lilipoteza rangi kutoka pembeni kuelekea katikati, na sauti ya mwanamke, laini kama ya mtangazaji wa vifo redioni, ikasema: "Hukuwa jirani mwema. Mtoto wa ndovu alipotea kwa sababu yako. Ardhi itakumbuka."

Hakuna aliyepiga makofi. Ndila aliinua mfuko wake, akamuaga Donald kwa mkono, akaenda Voi kuuza ndengu.

Aliporudi saa tisa alikuta boma lake limekuwa la kijivu. Lilianzia hasa kwenye ua wa mkonge aliopanda marehemu mumewe, na lilikomea kwenye mtaro upande wa pili. Nje ya ua udongo ulikuwa mwekundu kama siku zote, ule wekundu wa Voi unaoingia kwenye nguo nyeupe na hautoki. Ndani ya ua ulikuwa kama majivu ya jana. Kuku walikuwa wa kijivu, vishungi vyao pia. Leso yake ya rangi ya machungwa iliyokuwa kwenye kamba ilikuwa ya kijivu, na nyanya zilikuwa za kijivu kiasi kwamba ilibidi azibonyeze kujua zilizoiva. Ndila alifungua mlango, akapika ugali na kunde, akala. Ladha ilikuwa ile ile. Akaosha sufuria.

Watu tisa walipata mwisho wa dhahabu, na kwao mwanga wa manjano ulikuja ukakaa. Nyumbani kwa Festus ulishuka saa sita mchana ule ule na haukuondoka tena. Ulikuwa mwanga mzuri, wa jioni ya Krismasi, na kila alfajiri wimbo wa gemu ulisikika mara moja kutoka upande wa zizi. Tatizo lilikuwa kwamba mwanga haukuzimwa. Ng'ombe walisimama mlangoni mwa zizi mchana kutwa wakidhani ni saa ya kukamuliwa. Kuku hawakujua kulala. Ilipofika Ijumaa, Festus mwenyewe alivuka ua wa mkonge akiwa na mkeka kwapani.

"Mama Kavinya, niazime kivuli," alisema. "Macho yamenivimba."

"Lala pale nyuma ya ghala."

Alilala kwa saa tatu bila kugeuka. Alipoamka aliangalia mikono yake ya kijivu, akahesabu vidole, vikawa vinane, akarudi kwake.

Siku iliyofuata binti yake Ndila, Kavinya, alikuja kwa boda kutoka Voi, ambako alikuwa fundi wa simu katika kibanda karibu na soko. Blauzi yake ya njano iligeuka kijivu alipopita ua. Aliitazama, akaendelea kutembea, akamsalimu mama yake kwa mikono miwili, akaketi.

"Nimesikia," alisema.

"Umesikia nini?"

"Kwamba umepewa mwisho mbaya."

"Nimepewa."

Kavinya alikuwa mtu wa gemu tangu utoto. Alipokuwa sekondari alikuwa akipita kwenye chumba kimoja karibu na stesheni ya zamani, ambako wavulana walilipa ili kucheza lakini yeye alicheza bure, kwa sababu mwenye chumba alimtumia kuwafunga waliojivuna. Alikuwa amemaliza kila gemu iliyofika pale, na baadhi alizimaliza mara sita ili aone miisho yote.

"Mwaitu, sikiliza nikwambie gemu inavyohukumu," alisema, akimwita mama kwa Kikamba. "Haioni nia. Inahesabu mahali kidole kilipogusa, basi. Kuna gemu unaua watu mia moja njiani, na ukifika mwisho inakuuliza habari ya mmoja tu. Ukimwachilia huyo mmoja, wanakuita mwenye huruma. Kuna nyingine ukiiba mkate mara moja, hata kama ni wa kumpa mgonjwa, mlango wa mwisho mwema umeshafungwa na wewe hujui, unaendelea kutenda mema saa thelathini bure. Anayepata mwisho mwema ni yule aliyejua aliyeitunga anapenda nini."

"Festus alijua," Ndila alisema. "Wanapenda simu."

"Basi umeambiwa na hukushika."

"Nilishika. Lakini sikupiga."

Kavinya alingoja maelezo. Hayakuja. Mama yake hakuwa mtu wa kueleza, alikuwa mtu wa kufanya na kunyamaza, na waliomfahamu walikuwa wameizoea hiyo kama watu wanavyozoea kilima kuwa mahali pake.

Shirika lilikuwa na kanuni: asiyeridhika na mwisho wake anaweza kucheza tena mara moja. Jumatatu mama na binti walipanda ngazi za ofisi ya Shirika mjini Voi, juu ya duka la dawa za mifugo. Donald aliwapa viti na maji, akawasha tableti. Kavinya alikuwa amemfundisha mama yake majibu yote saba wakiwa njiani, na Ndila aliyarudia bila kukosea, kama mtu anayesoma orodha ya dukani.

Siku ya kwanza alichagua simu. Ya pili, simu. Siku tano zilipita vizuri mpaka kando ya kioo kukaanza kung'aa manjano kidogo. Siku ya sita ndovu jike akasimama kwenye mahindi, na saa ikaanza kuhesabu.

"Simu, Mama," Kavinya alinong'ona.

"Maafisa watafika saa ngapi?"

"Ni gemu. Hakuna saa."

"Saa iko. Inahesabu hapo juu."

"Mama. Simu."

Ndila alibonyeza kinga cha moto. Ndovu alikimbia, mtoto wake akapotea vumbini, rangi zikaondoka, yule mwanamke akasema maneno yake. Kavinya aliinuka, akaenda dirishani, akakaa huko akiangalia malori ya Mombasa Road mpaka hasira ikashuka.

"Kwa nini?" aliuliza bila kugeuka. "Niambie tu kwa nini. Fensi itapita pande zote, halafu ndovu wote waliokuwa wakigawana mashamba ishirini watakuja kwako peke yako. Unaelewa hiyo?"

"Naelewa. Njoo uangalie."

Ndila alimwomba Donald airudishe picha ya siku ya sita. Donald aliirudisha. Ndila aliweka kidole kwenye dungu. Kavinya aliinama, akaikuza picha kwa vidole viwili, akaikuza tena. Mguu ulikuwa umechorwa na mtu aliyejua miguu. Ulikuwa na vidole vitano, unyayo wenye vumbi, na kisigino kilichogeukia nje, kama mtoto anavyolala akichoka kweli.

"Donald," Kavinya alisema, "huyu mtoto ana pointi ngapi?"

Donald alifungua kompyuta yake na kusoma orodha kutoka juu mpaka chini. Ndovu mkubwa alikuwa kwenye orodha. Mtoto wa ndovu alikuwepo, na uzito wake ulikuwa mkubwa kuliko wa kitu kingine chochote. Mahindi yalikuwepo. Simu ilikuwepo, na kinga cha moto. Akasoma tena kutoka chini mpaka juu.

"Hayumo," alisema.

"Kwa hiyo akikanyagwa?"

"Hakanyagwi. Ndovu wa kwenye gemu hafiki hapo." Donald alikuwa kijana mkweli, na uso wake ulionyesha kwamba jibu halikumpendeza hata yeye. "Nadhani mchoraji aliweka tu mguu ili dungu lisionekane tupu. Ni pambo."

"Nilimuuliza huyu siku ile," Ndila alisema kwa upole. "Hakunisikia."

"Kweli, Mama," Donald alisema. "Sikukusikia."

Walishuka ngazi, wakaingia katika hoteli ndogo upande wa pili wa barabara, wakaagiza chai na mahamri. Hapo ndipo Ndila alipomweleza binti yake, kwa sauti ile ile aliyotumia kuagiza chai.

"Ulikuwa na miaka minne. Baba yako alikuwa kazini, kazi ya reli huko Mtito Andei. Ulinisumbua mchana kutwa unataka kulinda mahindi na mimi, nikakupandisha dunguni, ukalinda ndege mpaka ukachoka, ukalala. Mimi nilishuka kuchota maji. Niliporudi jua linatua, yule jike alikuwa kati yangu na wewe. Na mtoto wake ubavuni. Mguu wako ulikuwa umening'inia nje. Nikaona sikio lake linageuka upande wako, ulikuwa umekohoa. Moto wa kuchomea maganda ulikuwa karibu. Nikachukua kinga, nikakimbia nacho, nikamrushia. Kilimpiga kwenye bega."

Kavinya alikuwa ameshika kikombe bila kunywa. Alijua kulikuwa na ndovu waliowahi kuja. Hakujua kwamba alikuwa ndani ya hadithi.

"Akakimbia?"

"Akakimbia."

"Na mtoto wake?"

"Sikumwona. Nilikuwa nakuangalia wewe." Ndila alivunja hamri, akachovya kwenye chai. "Asubuhi nilifuata nyayo. Zile kubwa ziliendelea mpaka upande wa Ndara. Zile ndogo ng'ombe walikuwa wamezikanyaga, sikujua zilikoenda. Miaka ishirini na mitatu sijajua. Kwa hiyo huyo mwanamke wa tableti akisema alipotea kwa sababu yangu, mimi simkatalii. Pengine ni kweli. Kijivu ni changu, nakikubali. Lakini anasema nusu. Akuandike na wewe. Aandike vyote viwili, halafu anipe mwisho anaoutaka."

Kavinya aliutazama mkono wa mama yake ukichovya hamri, mkono mfupi wenye ngozi ngumu, na akajikuta ameketi wima zaidi kuliko alivyokuwa ameketi, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake kamili. Alilipa chai. Alipofika kibandani kwake mchana huo alifunga mapema, akamwandikia Donald barua pepe ndefu, na Donald akaipeleka makao makuu pamoja na yake mwenyewe, ndefu kuliko hiyo.

Jibu lilichukua wiki tatu. Wakati huo maisha yaliendelea. Ndila alipalilia ndengu za kijivu katika udongo wa kijivu, akajifunza kutofautisha gugu na mche kwa kugusa. Alipozibeba kwenda sokoni zilirudi kuwa kijani mara tu alipouvuka ua, na wanunuzi hawakuwa na malalamiko. Festus alikuja karibu kila mchana na mkeka wake. Ndovu wawili walipita siku moja jioni, wekundu kwa vumbi kama ndovu wote wa Voi. Walipoingia shambani wakawa wa kijivu, na Ndila aliona kwamba hiyo ndiyo rangi waliyoandikiwa vitabuni. Walikula mistari minne ya mahindi. Aliwapigia debe, wakaondoka kwa wakati wao.

Donald alikuja mwenyewe kuleta jibu, kwa pikipiki, tableti ikiwa ndani ya shati. Shati la kijani likageuka kijivu. Kavinya alikuwa amekuja kusaidia kuvuna, na Festus alikuwa ameamka kwenye mkeka wake.

"Makao makuu wamefurahi sana kupata maoni yenu," Donald alisema. Alikuwa akitazama miguu yake. "Wametengeneza toleo jipya. Wamekubali Mama acheze tena, ingawa kanuni ilikuwa mara moja."

"Mtoto ameandikwa?" Ndila aliuliza.

"Cheza tu, Mama. Utaona."

Ndila alipangusa mikono kwenye leso, akaipokea tableti, akaketi kwenye kigoda. Alicheza siku tano akichagua simu, kwa sababu nyani na nguruwe hawakuwa na shida nyingi kwake sasa. Siku ya sita jua lilitua, ndovu jike akasimama kwenye mahindi na mtoto wake. Dungu lilikuwa pale pale, hatua kumi. Lilikuwa tupu. Nguzo zilikuwa zimechorwa upya, safi, na mahali pa mguu palikuwa na anga.

Festus alisogea akachungulia juu ya bega lake, akarudi nyuma.

"Walisema mguu unawachanganya wachezaji," Donald alisema. "Kwa hiyo wameuondoa."

"Naona," Ndila alisema.

Saa ilifika kumi na mbili, kumi na moja. Kavinya alikuwa amesimama nyuma ya mama yake. Safari hii hakunong'ona simu wala kitu kingine. Aliweka mkono kwenye bega la mama yake na kuuacha hapo.

"Mguu wameuondoa," Ndila alisema, akiwa bado anaangalia kioo. "Mtoto yuko wapi, hawakusema."

Akabonyeza kinga cha moto.

Rangi ziliondoka kwenye kioo, na kwa kuwa bomani hapakuwa na rangi ya kuondoka, hakuna kilichobadilika. Yule mwanamke alisema kwamba Ndila hakuwa jirani mwema. Ndila alimsikiliza mpaka mwisho, kama anavyomsikiliza mgeni yeyote, akamrudishia Donald tableti yake.

"Umekuja mbali," alimwambia. "Kuna githeri."

Donald alikula githeri. Kabla ya kuondoka aliomba msamaha, na Ndila akamjibu kwamba hakuna alichomkosea zaidi ya kutosikia, na kutosikia ni ugonjwa unaopona. Mwezi uliofuata kijana huyo alihamishiwa ofisi nyingine, na aliyekuja badala yake alikuwa na shati la kijani lile lile na toleo jipya zaidi, ambalo halikuwa na dungu kabisa.

Wale tisa wa dhahabu walipewa vibao vya bati vya kupigilia kwenye mageti yao, vimeandikwa Jirani Mwema kwa herufi za manjano. Kavinya alipoviona alienda kwa mwandishi wa mabango pale Voi, akaagiza kimoja cha mama yake, kikubwa kuliko vile kwa kiganja kizima. Mwandishi aliuliza maneno, Kavinya akamwandikia kwenye karatasi, naye akayapaka kwa rangi nyekundu. Walijaribu kukipigilia mlangoni, kikawa kijivu, hakisomeki vizuri. Wakakitoa, wakakipigilia kwenye nguzo ya nje ya ua wa mkonge, upande wa barabara, ambako wekundu wake ulishika. Kilisema: NDILA MUTINDA. ALIRUSHA KINGA.

Ndila alisimama barabarani akakisoma. Alikisoma mara ya pili. Kisha akanyoosha leso mabegani, kama anavyofanya kanisani jina lake likitajwa kwenye matangazo, akaingia ndani.

Watu waliopita waliuliza. Wengine walisikia habari kutoka kwa Festus, ambaye alikuwa ameifanya hadithi ndefu, na ndani yake ndovu walikuwa wameongezeka. Mwanamke mmoja wa Makwasinyi aliyekuwa amepata kijivu katika ukumbi mwingine alikuja kwa miguu na basi ili aone kibao tu, akalala siku mbili, na waliongea na Ndila habari za mtama bila kugusa gemu hata kidogo. Akaondoka ameshiba.

Mafundi wa fensi walifika mwanzoni mwa msimu wa mvua za vuli. Walikuwa sita, wakiongozwa na mtu aitwaye Sylus, ambaye kwao ni Njukini na ambaye maharagwe ya mama yake yaliliwa na ndovu mwaka uliopita mpaka ikabidi wanunue mbegu mpya. Alikuwa na ramani kwenye simu. Kwenye ramani hiyo shamba la Ndila lilikuwa na rangi ya majivu, na mstari wa fensi ulilikwepa kwa nje, ukapita kwa Festus, ukapita kwa jirani wa mtaroni, ukaendelea.

Sylus alisoma kibao, akamwona Ndila kwenye ua.

"Shikamoo, Mama. Hiki kinga ni kinga gani?"

"Marahaba."

Ndila akamweleza. Alimweleza yote, kutoka maji aliyokwenda kuchota mpaka nyayo zilizokanyagwa na ng'ombe, akiwa amesimama wima, bila kuishusha sauti, na mafundi wote sita wakaacha kazi wakasikiliza. Hakuruka sehemu ya mtoto wa ndovu. Kavinya, aliyekuwa amefunga kibanda siku hiyo, alisimama kando yake, na mama yake alipofika mahali pa kusema "huyu hapa" alimwonyesha kwa kidevu.

Sylus aliuzungusha waya mkononi.

"Ramani inanipitisha huku nje, Mama," alisema mwishowe.

"Najua. Piteni. Msinikanyagie ndengu tu, ziko hapa kwenye ukingo, nyinyi hamtaziona vizuri."

Akatoka mbele yao na kuwaonyesha ukingo ulipo, hatua kwa hatua, nguzo kwa nguzo, kwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyejua shamba lake linapoanzia. Walichimba mahali alipowaonyesha. Sylus alikuwa amevua kofia yake ngumu, na alifanya kazi kichwa wazi juani, mstari mzima wa shamba lile, mpaka walipofika kwa jirani wa mtaroni. Hapo akaivaa tena, akaendelea kuvuta waya.